Uvimbe wa mishipa ya damu kwa mtoto mchanga: mwongozo kamili wa vipimo vya picha, hatua kwa hatua

Karatasi ya kuombea picha huja na neno moja tu: hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu. Mtoto ana wiki sita, paja lake la kushoto limevimba na kuwa gumu, na ngozi juu yake ina rangi ya zambarau lililoiva. Mama ameambiwa ni alama ya kuzaliwa, itapotea yenyewe. Kwa watoto wengi walioambiwa hivyo ni kweli. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya huyu wa paja gumu na wachache wanaofanana naye, maana kwao vipimo vikipangwa vibaya hasara ni kubwa: wiki zinapotea, fedha zinakwisha, na wakati mwingine damu inamwagika.

Nafanya kazi upande wa picha, si upande wa dawa. Matibabu nitayagusa pale tu yanapobadilisha namna ya kupiga au kusoma picha.

Majina kwanza, mashine baadaye

Mwaka 1982 Mulliken na Glowacki, wakiwa Boston, walitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakitupwa kapu moja. Kuna vivimbe, ambamo seli za ukuta wa mishipa ya damu zinazaliana. Na kuna kasoro za mishipa, ambamo mishipa iliumbika vibaya tangu tumboni, haizaliani, inakua tu kadiri mtoto anavyokua. Orodha inayotumiwa leo duniani, ya jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kasoro za mishipa, ISSVA, imejengwa juu ya mgawanyo huo.

Katika toleo la 2018 la orodha hiyo vivimbe vimepangwa kwa ukali wake. Wapole ni kama hemanjioma ya utotoni, ambayo huwapata watoto wanne au watano katika kila 100. Katikati wapo wasiosafiri mbali mwilini kwa kawaida lakini wanaotafuna jirani zao: ngozi, mafuta, msuli, hata mfupa. Mkubwa wao kwa watoto wachanga ni kaposifomu hemanjioendothelioma, jina refu lililotolewa mwaka 1993, nami nitaliita KHE kama wanavyoliita wodini. Hesabu iliyofanywa Massachusetts, Marekani, ilipata chini kidogo ya mtoto mmoja mwenye KHE kwa kila watoto 100,000. Sakoma ya Kaposi imewekwa kundi hilohilo la kati. Mwisho ni saratani kamili: angiosakoma na epithelioidi hemanjioendothelioma, ambazo kwa watoto ni nadra mno.

Tatizo ni kwamba neno hemanjioma limebebeshwa mizigo isiyo yake. Kasoro ya mshipa wa vena huitwa hemanjioma. KHE huitwa hemanjioma. Hata fibrosakoma ya watoto wachanga, saratani ya nyama laini ambayo si ya mishipa kabisa ila ina damu nyingi ndani yake, imewahi kuandikiwa hemanjioma katika hospitali nyingi za dunia hii. Kwa hiyo ukiliona neno hilo kwenye kadi ya mtoto wako, lichukue kama dhana ya kwanza.

Hatua ya kwanza: andika historia ya uvimbe kabla hujatoka nyumbani

Hii ni kazi ya mzazi, na hakuna mashine inayoweza kuifanya. Mpiga picha mzuri atakuuliza maswali haya, na asipouliza, mwambie.

Ulikuwepo siku ya kuzaliwa? Hemanjioma ya utotoni kwa kawaida haipo, au ni alama hafifu tu kama mkwaruzo, kisha hujitokeza ndani ya wiki za kwanza na kukua mbio. Ukuaji wake mwingi huwa umekwisha mtoto akifika miezi mitano hivi, halafu huanza kusinyaa polepole kwa miaka. Kuna aina nyingine, hemanjioma ya kuzaliwa nayo, ambayo mtoto huja nayo ikiwa imekomaa. Mojawapo ya hizo hunywea haraka na kuisha kabla au karibu na mwaka wa kwanza. KHE inaweza kuwepo tangu kuzaliwa au kujitokeza katika miezi ya mwanzo.

Ni laini au mgumu? Uvimbe mgumu kama mbao, wenye joto, unaomeremeta na kuvuta ngozi, haufanani na hemanjioma ya kawaida, ambayo ukiibonyeza inabonyea kama sifongo.

Rangi ikoje? Vitabu vingi husema nyekundu kama stroberi, maana viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu hemanjioma ya juu inaweza kuonekana nyekundu iliyokolea, zambarau au karibu na nyeusi, na ile ya ndani haina rangi yoyote zaidi ya ngozi yenyewe. Usitegemee macho peke yake. Gusa, linganisha joto na upande wa pili.

Je, kuna michubuko isiyoelezeka, vidoti vyekundu vidogo kama vya kuchomwa na pini, damu isiyokata kitovuni au sehemu aliyochomwa sindano? Hilo nitalirudia.

Piga picha kwa simu kila wiki, siku ileile, karibu na dirisha, na uweke sarafu ileile pembeni ili ukubwa usibishaniwe. Mfuatano wa picha sita za namna hiyo umewahi kunisaidia kuliko karatasi tatu za rufaa. Zibaki kwenye simu yako na kwa daktari wako. Mwili wa mtoto hauna kazi kwenye makundi ya WhatsApp.

Na jambo moja la nyumbani kwetu. Uvimbe huu usikandwe kwa maji ya moto, usichanjwe chale, usichomwe, usifungwe kwa nguvu. Bibi atakuwa na nia njema, mheshimu, lakini mweleze kwamba ndani mle kunaweza kuwa na damu isiyoganda.

Hatua ya pili: kipimo cha damu kabla ya picha yoyote

Mwongozo wa picha unaoanza na damu unaweza kukushangaza. Sababu ni hii. Takribani watoto saba kati ya kumi wenye KHE hupata hali iitwayo Kasabach-Merritt, kwa jina la madaktari wawili walioieleza New York mwaka 1940. Uvimbe hunasa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na kuzitumia zote. Mtoto mwenye afya ana chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika mikrolita moja ya damu. Katika Kasabach-Merritt zinaweza kushuka chini ya 50,000, hata chini ya 10,000, na protini ya kugandisha iitwayo fibrinojeni hushuka nayo.

Kwa miongo mingi iliaminika kwamba hali hiyo husababishwa na hemanjioma ya kawaida iliyokua sana. Mwaka 1997 timu za Paris na Boston zilionyesha kwamba sivyo: inatokana na KHE na ndugu yake mdogo, anjioma ya vishada. Maana yake kwa msomaji wa picha ni kubwa. Nikiletewa mtoto mwenye uvimbe mgumu na chembe sahani 9,000, nusu ya jibu ninayo kabla sijapaka jeli. Nikiletewa mtoto huyohuyo bila kipimo cha damu, nitaandika ripoti ya tahadhari yenye majina matano, na familia itazunguka.

Omba basi, siku hiyohiyo: hesabu kamili ya damu, fibrinojeni na vipimo vya kuganda kwa damu pale vinapopatikana. Zahanati isiyo na fibrinojeni bado inaweza kuhesabu chembe sahani, na hilo linatosha kuamua kama rufaa ni ya leo au ya wiki ijayo. Zikiwa chini, mwambie kila muuguzi kabla ya sindano yoyote ya msuli, chanjo zikiwemo, ili kwanza aulizwe daktari. Jambo jingine linaloonekana kinyume na akili: kumwongezea mtoto huyu chembe sahani ili tu namba ipande kunaweza kuuvimbisha uvimbe, kwa sababu unazinasa hizo mpya pia. Kwa kawaida huongezwa kama anavuja damu au anaingia kwenye upasuaji.

Wapo watoto wachache wenye KHE iliyojificha nyuma ya tumbo au ndani ya kifua, ngozi ikiwa safi kabisa. Mtoto mchanga mwenye chembe sahani za chini sana zisizo na maelezo, na tumbo linalojaa, anastahili altrasaundi ya tumbo hata kama hakuna alama popote.

Hatua ya tatu: altrasaundi na dopla

Hapa ndipo picha zinapoanza, karibu kila mara. Haina mionzi, haihitaji usingizi, bei yake ni ndogo kuliko nyingine zote, na inaweza kufanyika mtoto akiwa kwenye titi la mama yake. Namaanisha hivyo hasa: mnyonyeshe wakati wa kipimo. Mtoto anayelia na kurusha miguu anaharibu dopla, ile sehemu ya kipimo inayoonyesha damu inavyotembea, kwa sababu kila mtikisiko unaonekana kama damu inayokimbia.

Uliza kama wana kichwa cha mashine cha masafa ya juu, kile bapa kinachotumika kwa tezi ya shingo na misuli. Kile kilichopinda cha wajawazito kinaona mbali lakini kinaona kwa ukungu, na uvimbe wa ngozi unahitaji kuonwa karibu. Jeli iwe nyingi na mkono uwe mwepesi. Nimewaona wanafunzi wakikandamiza mpaka mishipa yote midogo inafungwa, kisha wanaandika "hakuna mtiririko wa damu". Damu ilikuwepo, wameifukuza wao.

Mpimaji anatafuta mambo manne, na unaweza kumuuliza moja baada ya jingine.

Mpaka. Hemanjioma ya utotoni ina ukingo unaoweza kuufuata kwa kidole. KHE haina, inaingia ndani ya mafuta kama maji yanavyoingia kwenye mchanga, na ngozi juu yake huwa nene.

Tabaka. Je, umebaki ngozini na kwenye mafuta, au umevuka kwenda kwenye msuli? Kuvuka matabaka bila kuheshimu mipaka ndiyo tabia ya KHE inayonifanya niinue simu.

Damu. Hemanjioma inayokua imejaa mishipa, damu inakwenda kasi, na ukihesabu mishipa katika sentimita moja ya mraba unapata zaidi ya mitano. Kasoro ya vena ina damu inayosuasua au isiyoonekana kabisa, hubonyea, na mara nyingine ina vijiwe vyeupe ndani. Kasoro ya limfu ni vifuko vya maji, mishipa ipo kwenye kuta tu. KHE ina damu nyingi pia, lakini kwa mpangilio wa vurugu.

Nyama. Katika kasoro za mishipa hakuna nyama ngumu kati ya mishipa. Kwenye uvimbe ipo. Kukiwa na donge gumu lenye damu nyingi kwa mtoto mchanga, na historia haifuati mwendo wa hemanjioma, fibrosakoma na rabdomiosakoma, ambayo ni saratani ya msuli, lazima ziingie kwenye orodha. Altrasaundi haiwezi kuzitenganisha zote, na mpimaji anayekiri hivyo ni wa kuaminiwa kuliko anayetoa jina moja kwa uhakika wa mtabiri.

Hatua ya nne, kwa baadhi tu: ini, ubongo, moyo

Mtoto mwenye hemanjioma tano au zaidi kwenye ngozi apimwe ini kwa altrasaundi. Zikionekana nyingi ndani ya ini, apimwe pia homoni ya tezi ya shingo, kwa sababu hemanjioma zilizolijaza ini huivunja homoni hiyo kasi kuliko mtoto anavyoitengeneza, na moyo hulemewa na damu nyingi inayopita humo.

Kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja, vinundu vya ini vinavyokua badala ya kusinyaa havipaswi kuitwa hemanjioma tena kwa mazoea. Umri huo ndio angiosakoma ya ini, japo ni nadra, huanza kuwaziwa. Epithelioidi hemanjioendothelioma ya ini, ambayo huwapata zaidi watu wazima na vijana, ina tabia yake kwenye picha: vinundu vinakaa pembezoni mwa ini na kuuvuta ukuta wa nje uingie ndani, kama shati lililoshonwa vibaya.

Hemanjioma kubwa ya usoni, zaidi ya sentimita tano, inaomba vitu vingine: MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya kichwa na mishipa ya shingo, kipimo cha moyo, na macho. Si saratani, ila inaweza kuja na kasoro za mishipa ya ubongo.

Hatua ya tano: MRI, na siku yenyewe

Altrasaundi imesema uvimbe hauna mpaka, au umezama hadi haufikiwi. Sasa MRI. Ndiyo inayoonyesha KHE inaishia wapi, imezunguka neva gani, imegusa mfupa au la. Haina mionzi. Ina sumaku, ina kelele, na inachukua dakika 30 hadi saa nzima za kutotikisika, na kwa sababu hiyo nusu ya mafanikio yake ni maandalizi.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu hivi mara nyingi hahitaji nusu kaputi. Zipo hospitali zinazotumia njia ya kumlisha na kumfunga: asilale safarini, afike na njaa, anyonyeshwe pale mlangoni, aondolewe hewa tumboni, afungwe khanga kama anavyofungwa na nyanya yake, azibwe masikio, aingizwe akiwa amesinzia. Uliza kama wanaifanya, maana kwa mtoto mwenye uvimbe shingoni au karibu na njia ya hewa kukwepa nusu kaputi ni faida kubwa.

Akihitaji usingizi, kanuni ya kufunga kula ni hii: chakula na maziwa ya kopo viishe masaa sita kabla ya usingizi, maziwa ya mama masaa manne kabla, maji matupu masaa mawili kabla, na hospitali nyingi sasa zinaruhusu maji hadi muda wa saa moja kabla. Uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi. Omba nafasi ya kwanza asubuhi. Mtoto aliyefungishwa tangu usiku na kuitwa saa nane mchana amekaa na njaa kwa ajili ya foleni tu.

Hapa simama kidogo kama mtoto anatumia propranolol. Dawa hii ya moyo, ambayo mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waligundua kwa bahati kwamba inazinywesha hemanjioma, inaweza kuishusha sukari ya mtoto asiyekula. Dozi ya siku hiyo isitolewe tumboni kukiwa patupu. Mwambie daktari wa usingizi jina la dawa na saa ya dozi ya mwisho, hata kama hajauliza.

Vua kila kitu. Sumaku ya mashine ya kawaida, ile ya Tesla 1.5, ina nguvu mara 30,000 hivi kuliko sumaku ya dunia, nayo haizimwi usiku wala sikukuu. Pini ya nepi, bangili, heleni, shanga zilizotungwa kwa waya, na hirizi, maana huwezi kujua ndani mmeshonewa nini. Osha wanja pia, kwa sababu baadhi ya wanja una chembe za chuma zinazotia doa jeusi kwenye picha ya macho na paji la uso. Wewe unayemsindikiza vua pia, na simu ibaki nje pamoja na kadi ya benki.

Atachomwa dawa ya kung'arisha picha, ya gadolini, inayopimwa kwa uzito wake. Mpimwe sasa hivi, msitumie kilo za kadi ya mwezi uliopita. Figo zikiwa na shida itajwe mapema. Kanula, kile kijimrija cha sindano mshipani, ikitolewa kwa mtoto mwenye chembe sahani chache, bonyeza pamba kwa dakika kumi nzima bila kuchungulia.

Picha ikitoka, KHE huonekana hivi: kwenye mpangilio wa kwanza (T1) ina rangi moja na msuli, kwenye ule wa pili (T2) inang'aa, dawa ikiingia inawaka karibu yote, na mafuta yanayoizunguka yana michirizi kama mizizi. Mishipa inayoilisha ni midogo ukilinganisha na ukubwa wake. Hemanjioma ya utotoni ina ukingo, ina mishipa minene iliyo wazi, haina michirizi hiyo. Ukitaka kumuuliza mtaalamu wa radiolojia swali moja tu, muulize: umevuka matabaka mangapi?

Hatua ya sita: CT na PET

Nitapita haraka. CT, eksirei ya mashine inayouzunguka mwili, ina mionzi, na mtoto ana maisha marefu mbele ya kuibeba, kwa hiyo iwe na sababu: mapafu, mfupa unaoliwa, dharura, au MRI iko mbali mno na mtoto hawezi kungoja. Ikibidi, uliza kama itapigwa awamu moja. Itifaki za watu wazima hupiga sehemu ileile mara tatu au nne, kabla ya dawa, wakati wa dawa na baada yake, na mionzi inazidi kwa idadi hiyohiyo. Kwa mtoto awamu moja iliyopangwa vizuri mara nyingi inatosha. PET, picha inayotumia dawa yenye mionzi kuonyesha seli zinazofanya kazi sana, ni ya saratani kamili, kutafuta ilikosambaa. Kwa hemanjioma ya kawaida haina kazi.

Picha ya kuingiza mrija mshipani ilikuwa zamani ya kutafutia jina la ugonjwa. Leo ni ya tiba, pale mshipa unapotakiwa kuzibwa.

Hatua ya saba: kinyama, au kuacha kinyama

Kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa kwa hadubini, ndilo swali linalogawanya madaktari mezani. Kwa saratani nyingi jibu ni rahisi: hakuna tiba bila kinyama. Kwa KHE yenye Kasabach-Merritt, kukata kunaweza kuamsha kuvuja kusikokoma. Ndiyo maana pale ambapo historia, damu na MRI vinasema jambo moja, timu nyingi huanza dawa kwanza, kwa kawaida steroidi pamoja na vinkristini au sirolimasi, na kinyama kinangoja chembe sahani zipande au kinaachwa kabisa. Picha zako nzuri ndizo zinazowapa ujasiri huo. Zikiwa za ukungu, watalazimika kukata.

Mizani hugeuka kama vitu havipatani: donge gumu lisilo na chembe sahani za chini, linalokua baada ya umri ambao hemanjioma ilipaswa kutulia, au linalokula mfupa. Hapo kinyama ni cha lazima, kichukuliwe kwa kuongozwa na altrasaundi, mahali palipo hai, pasipo mshipa mkubwa, na njia ya sindano ipangwe na daktari wa upasuaji atakayekuja kuutoa.

Na huku kwetu kuna mgeni mwingine ambaye vitabu vya Ulaya humpa mistari miwili. Sakoma ya Kaposi, inayosababishwa na virusi vya HHV-8 vilivyogunduliwa mwaka 1994, iliwapata watoto wa Afrika Mashariki tangu kabla ya UKIMWI, na bado inawapata, wenye VVU na wasio nao. Wengi hutegemea madoa meusi ya ngozi. Kwa mtoto yanaweza yasiwepo: anakuja na mitoki iliyovimba, miguu migumu iliyojaa, damu imepungua, chembe sahani zimepungua. Eksirei ya kifua inaonyesha vivuli vinavyotoka katikati ya mapafu, altrasaundi inaonyesha tezi za tumboni, na kila mtu anafikiria kifua kikuu. Picha peke yake haitatenganisha hayo mawili. Mtoki wa nje upo juujuu na kuufikia si shida, kwa hiyo kinyama kichukuliwe mapema badala ya kumaliza miezi kadhaa kwa dawa za TB zisizofanya kazi.

Hatua ya nane: chukua picha zako, kisha rudi kwa mpango

Usitoke hospitali na karatasi ya ripoti peke yake. Omba CD au faili zenyewe katika muundo wa DICOM, ambao mashine yoyote ya hospitali duniani inausoma. Filamu iliyopigwa picha kwa simu ikiegemezwa dirishani imepoteza karibu kila kitu ambacho daktari wa mbali angehitaji. Fanya nakala mbili, moja ibaki nyumbani, na andika juu yake tarehe na kipimo. Kuna mama ninayemkumbuka aliyerudia MRI, pamoja na nusu kaputi yake, kwa sababu CD moja tu iliyokuwepo ilibaki kwenye droo ya kliniki ya kwanza.

Kwa Tanzania, mtoto anayeshukiwa saratani hupelekwa mara nyingi wodi ya saratani ya watoto Muhimbili, inayofanya kazi pamoja na shirika la Tumaini la Maisha. Kwa Uganda kuna Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyopo Mulago, Kampala, iliyoanza mwaka 1967 kwa kutibu watoto wenye limfoma. Popote utakapokwenda, beba vitu vitatu: picha za simu zenye sarafu, majibu ya damu yenye tarehe, na CD.

Baada ya dawa kuanza, usihesabu sentimita kwanza. Chembe sahani hupanda kabla uvimbe haujapungua, na ulaini hurudi kabla ya ukubwa. Marudio ya altrasaundi yafanyike kwa mashine ileile na ikiwezekana mkono uleule, miguu ikiwa mkao uleule. MRI hurudiwa kwa nafasi ndefu zaidi, si kila mwezi. KHE mara nyingi haiishi kabisa kwenye picha: hubaki kovu lenye kung'aa kidogo ndani ya mafuta au msuli, na ripoti itasema "mabaki". Kabla hujalia, muulize daktari kama chembe sahani zimeshuka, kama kuna maumivu mapya, kama kiungo kinakaza. Kovu lililotulia linaweza kufuatiliwa kwa miaka mtoto akikimbia uwanjani. Akianza kuchechemea akiwa na miaka sita, rudi na ile CD ya kwanza, ili tulinganishe.